Rangi mbili kwenye pikapu za zamani

Rangi mbili kwenye pikapu za zamani ni mtindo wa kupaka bodi ya pikapu kwa rangi mbili tofauti, kwa kawaida moja juu na nyingine chini, zikitenganishwa na mstari unaofuata umbo la bati. Mtindo huu ulienea viwandani nchini Marekani na Ulaya katika karne ya 20. Katika Afrika Mashariki unaonekana hasa kwenye Land Rover, Toyota Land Cruiser na pikapu nyingine za miaka ya 1950 hadi 1980 ambazo bado zinafanya kazi au zimefufuliwa na wamiliki wake.

Makala hii inaeleza uchaguzi wa rangi hizo kwa kuzingatia mazingira ya wilaya za Korogwe na Handeni katika mkoa wa Tanga, Tanzania. Huku pikapu ya zamani ni nadra kuwa gari la maonyesho. Inabeba mahindi, machungwa, kuni na watu, inalala nje, na rangi yake inapigwa na jua, vumbi na mvua kwa zamu. Kwa hiyo swali la rangi gani ikae wapi ni swali la fedha na la uimara wa bati kabla ya kuwa swali la urembo.

## Asili ya mtindo

Katika miaka ya 1920 magari mengi tayari yalikuwa na rangi mbili kwa sababu ya kiufundi. Madigadi yalichovywa katika rangi nyeusi na kukaushwa kwenye tanuri, na bodi ikapakwa rangi nyingine kwa njia tofauti. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ya Marekani ilitoa rangi ya selulosi iliyoitwa Duco, ambayo ilikauka haraka na kupatikana kwa rangi nyingi. General Motors waliitumia kwenye magari ya Oakland ya mwaka 1924. Tangu hapo rangi ya gari ikawa jambo la kuchagua.

Kwa pikapu mtindo ulipata nguvu katika miaka ya 1950. Chevrolet Cameo Carrier ya mwaka 1955, pikapu iliyouzwa kwa watu waliotaka gari la kazi lenye sura ya gari la matembezi, ilitoka ikiwa nyeupe ya maziwa yenye sehemu nyekundu. Volkswagen nao waliuza basi dogo la Kombi lenye rangi mbili zilizogawanywa na mkunjo wa bati uliochongoka mbele kama herufi V.

Land Rover ilifika kwenye mtindo huu kwa njia ya unyenyekevu zaidi. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, na magari ya mwanzo yote yalikuwa ya kijani hafifu. Baadaye kijani cheusi kilichoitwa Bronze Green kikawa rangi yake mashuhuri. Paa za bati na rimu zilipakwa rangi iliyoitwa Limestone, yaani jiwe la chokaa, ambayo ni nyeupe iliyoingiwa na umanjano na ukijivu kidogo. Kijani chini na chokaa juu ndiyo sura ambayo wengi nchini Tanzania wanaikumbuka wakisikia neno Land Rover. Toyota nao walitoa Land Cruiser za mfululizo wa 40, zilizoundwa kuanzia 1960 hadi 1984, nyingi zikiwa na paa jeupe juu ya bodi ya kijani, buluu, nyekundu au rangi ya mchanga.

## Mazingira ya Korogwe na Handeni

Mji wa Korogwe uko kwenye bonde la mto Pangani, chini ya milima ya Usambara, kando ya barabara kuu inayotoka Segera kwenda Moshi na Arusha. Reli kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakatanda pande zote. Bonde lina joto na unyevu. Handeni iko kusini-magharibi, kilomita 65 kwa barabara ya lami, juu zaidi na kavu zaidi. Udongo wake mwingi ni mwekundu, na njia nyingi za kwenda vijijini, pamoja na zile za kuelekea Kilindi, ni za udongo.

Tofauti hii inaonekana kwenye bodi za magari. Gari la Korogwe huteswa na unyevu: kutu huanzia ndani ya milango, chini ya zulia na kwenye maungio. Gari la Handeni huteswa na vumbi na kokoto, ambazo huchubua rangi nyuma ya magurudumu na kwenye ukingo wa chini wa milango. Gari linalofanya safari zote mbili hupata yote mawili. Majimaji ya mkonge mbichi pia ni makali. Yana asidi, na yakiachwa yakauke kwenye bodi ya nyuma huharibu rangi na kuharakisha kutu, kwa hiyo gari linalobeba majani ya mkonge linahitaji kuoshwa siku hiyohiyo.

## Mahali pa kugawia rangi

Kosa linaloonekana zaidi katika kazi hii ni kuanza na rangi kabla ya mstari. Mstari ndio unaoamua kama gari litaonekana limetoka kiwandani hivyo au limepakwa na mtu aliyeishiwa kopo katikati ya kazi. Kanuni ni rahisi: mstari ufuate mkunjo, maungio au ukingo ambao tayari upo kwenye bati. Mstari uliochorwa katikati ya bati tambarare hauna pa kujificha, na ukipinda sentimita moja utaonekana ukiwa ng'ambo ya barabara.

Land Rover ya Series II, iliyoanza kuuzwa mwaka 1958, ina mzingo wa bati chini kidogo ya vioo unaokwenda kutoka mbele hadi nyuma. Mzingo huo ni mpaka wa asili. Hata hivyo mgawo wa kiwandani kwa kawaida ulikuwa juu zaidi, pale paa linapokutana na kioo cha mbele na milango. Kwenye pikapu yenye kebini fupi mgawo huo wa juu ndio unaopendeza zaidi, maana rangi ya pili inakuwa kama kofia. Ukishushwa hadi kiunoni na kuendelezwa kwenye bodi ya nyuma, gari huonekana refu na la chini, jambo linaloifaa Peugeot 404 au Datsun kuliko Land Rover.

Kwa Toyota Stout na Datsun za miaka ya 1970, mkunjo unaopita ubavuni kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma ndio mstari unaofaa. Hapo rangi ya pili inaweza kukaa chini ya mkunjo, upande unaopigwa na kokoto, na hiyo huacha nafasi ya kupaka upya sehemu ya chini peke yake baada ya miaka michache bila kugusa juu.

Mfano ulio karibu na msomaji wa Tanga ni kanga. Kanga ina mji na pindo, na hakuna anayetarajia pindo lilingane na mji kwa ukubwa. Pikapu iliyogawanywa nusu kwa nusu huonekana kama magari mawili yaliyounganishwa. Theluthi mbili kwa theluthi moja hutosha, na mara nyingi rangi ya pili ikipata paa, rimu na shoo ya mbele tu, kazi imeisha.

Bodi ya nyuma inahitaji uamuzi wake. Ndiyo inayopigwa na magunia, majembe na mapipa, kwa hiyo ndiyo itakayopakwa tena mara nyingi. Inafaa ipewe ile rangi iliyo rahisi kuchanganywa upya, yaani rangi ya kawaida isiyo na chembechembe za kung'aa. Rangi zenye chembe za alumini hazikubali kiraka: hata ikichanganywa kutoka kopo lilelile, pembe ya mpigo wa spreyi hubadilisha mwonekano.

## Uchaguzi wa rangi

### Jua

Rangi ya paa ina athari inayopimika. Watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley huko California walilinganisha mwaka 2011 magari mawili ya aina moja, moja jeusi na jingine la fedha, yakiwa yameegeshwa juani. Paa la gari la fedha lilikuwa na joto pungufu kwa takriban nyuzi 25 za selsiasi, na hewa ndani ya gari ilipungua kwa takriban nyuzi 5 hadi 6. Pikapu ya zamani mara nyingi haina kiyoyozi wala kitambaa cha ndani cha paa, hivyo dereva anakaa chini ya bati tupu. Kwa sababu hiyo paa jeupe, la krimu au la chokaa ni chaguo ambalo ni vigumu kulipinga katika bonde la Korogwe.

Boneti ni habari nyingine. Rangi nyeupe yenye kung'aa kwenye boneti pana humrudishia dereva mwanga wa jua machoni. Magari ya mashindano, yakiwemo ya Safari Rally ambayo zamani yalipita pia katika njia za Tanzania, mara nyingi yalipakwa boneti nyeusi isiyong'aa kwa sababu hiyo. Peugeot 404 iliyoshinda mashindano hayo mwaka 1966 na 1967 iliendeshwa na Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania, na wapenzi wa pikapu za 404 huiga sura ya magari ya enzi hiyo hadi leo.

Jua pia hufifisha rangi kwa viwango tofauti. Nyekundu nyingi hupauka mapema na kugeuka rangi ya pinki iliyokufa, hasa zikipakwa bila tabaka la klia juu. Damu ya mzee hustahimili kidogo zaidi machoni kwa kuwa upaukaji wake hauonekani haraka. Krimu, kijivu, kaki na kijani kizito huzeeka kwa heshima.

### Vumbi

Vumbi jekundu la Handeni huonekana kwenye nyeupe na pia kwenye nyeusi. Nyeusi haifichi vumbi, kinyume cha wanavyodhani wengi. Inayolificha ni rangi iliyo jirani na udongo wenyewe: kaki, ugoro, rangi ya mchanga, au nyekundu ya matofali. Kuweka mojawapo chini na krimu juu ni mpango unaoendana na eneo. Kijani na chokaa vilevile hufanya kazi, kwa sharti kwamba chokaa isishuke chini ya vioo.

Buluu na nyeupe hupendwa, na kwenye barabara ya lami hupendeza sana. Katika njia za vumbi buluu huchafuka na kuwa zambarau chafu ifikapo saa nne asubuhi.

### Kufanana na magari mengine

Kijani kizito kisichong'aa, gari zima, hulifanya lifanane na gari la jeshi. Paa la chokaa na rimu za chokaa huondoa mfanano huo. Mstari mwembamba wa rangi kuzunguka gari jeupe nao humkumbusha Mtanzania daladala au teksi, maana mijini mistari ya namna hiyo hutumika kutambulisha njia na huduma. Namba za gari pia zimo katika picha: za magari binafsi ni za manjano, za magari ya biashara ni nyeupe. Rangi ya chungwa mbele, pembeni mwa namba ya manjano, hugombana nayo.

## Rangi ya asili au rangi mpya

Wamiliki hugawanyika hapa. Wapo wanaotaka rangi ileile iliyotoka kiwandani na wapo wanaoona kwamba gari ni lao na rangi ni yao. Kwa gari ambalo limebaki na injini, vioo na bodi ya awali, kurudisha rangi ya asili kwa kawaida hulinda thamani yake zaidi, kwa kuwa wanunuzi wa magari ya kale huulizia hilo kwanza. Hamu ya magari hayo imekua nchini. Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 lilikusanya mamia kwa mamia ya magari. Kwa pikapu iliyokwisha kubadilishwa injini na kushonwa bodi ya nyuma mpya, hoja ya uasili haina uzito mkubwa.

Rangi ya asili hutafutwa mahali ambapo jua na spreyi ya fundi hazikufika: nyuma ya dashibodi, chini ya viti, ndani ya mlango nyuma ya kadibodi, chini ya raba za vioo. Magari mengi ya Kijapani yana kibati chenye namba ya rangi ndani ya boneti au kwenye fremu ya mlango. Land Rover ilikuwa na orodha ya rangi chache tu, hivyo kuitambua si kazi ngumu. Miongoni mwa rangi za mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwamo nyekundu iliyoitwa Masai Red, jina lililobuniwa Uingereza kwa watu wanaoishi pia jirani na Handeni.

## Kazi ya gereji

### Rangi ya zamani chini ya mpya

Hasara kubwa katika kazi ya rangi mbili hutokea kabla rangi ya pili haijafunguliwa. Pikapu ya miaka 50 ina matabaka mengi: ya kiwandani, ya mmiliki wa pili, pengine rangi ya mafuta ya kupakia mageti. Selulosi ikipigwa juu ya rangi ya mafuta, tina yake huilainisha ile ya chini, na uso wote hukunjamana kama ngozi ya tembo. Hapo hakuna dawa isipokuwa kukwangua hadi bati na kuanza upya, na fedha ya rangi imekwenda.

Kipimo chake ni kidogo. Kitambaa kilicholoweshwa tina ya selulosi huwekwa juu ya rangi ya zamani kwa dakika chache mahali pasipoonekana. Rangi ikiyeyuka na kuchafua kitambaa, ni selulosi. Ikivimba na kukunjika, ni ya mafuta. Isipofanya lolote, huenda ni rangi ya kisasa iliyochanganywa na hadena, na juu yake kazi inaweza kuendelea baada ya msasa.

Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini, wakati kebini yake ina sehemu za chuma. Alumini haishiki praima ya kawaida; inahitaji praima ya asidi inayouma bati kidogo, la sivyo rangi hubanduka kwa vipande vikubwa baada ya masika mawili. Pale alumini na chuma zinapogusana, unyevu huleta ulikaji ambao huinua rangi kutoka chini. Kupaka rangi juu ya uvimbe huo ni kuuficha kwa muda tu.

### Mpangilio wa kupiga

Kwa kawaida rangi nyepesi hupigwa kwanza, kisha nzito, kwa sababu nzito hufunika nyepesi kwa mpigo mchache kuliko kinyume chake. Baada ya rangi ya kwanza sehemu yake hufunikwa kwa selotepu na karatasi. Selulosi inaruhusu kufunikwa baada ya saa chache. Rangi ya hadena ni salama zaidi ikiachwa ilale usiku mmoja, maana selotepu juu ya rangi isiyokomaa huacha alama au hung'oa.

Selotepu ya mpaka iwe nyembamba na ya plastiki, si ile pana ya karatasi ambayo rangi hupenya chini yake. Hubanduliwa wakati rangi ya pili bado laini, kwa kuvutwa polepole kuelekea nyuma. Ikisubiriwa ikauke kabisa, ukingo huvunjika vipandevipande. Kama klia itatumika, hupigwa mwishoni juu ya rangi zote mbili ili kulaza ngazi ndogo iliyobaki kwenye mstari.

Majira nayo yanahusika. Masika, kati ya Machi na Mei, ni wakati mbaya: hewa yenye unyevu hufanya selulosi iote ukungu mweupe wakati inakauka. Juni hadi Septemba ni afadhali, lakini huo ndio msimu wa vumbi, kwa hiyo sakafu humwagiwa maji kabla ya kupiga na kazi hufanywa asubuhi kabla upepo haujaamka.

Rangi iliyochanganywa kwa jicho ichanganywe yote kwa mara moja, na kinachobaki kihifadhiwe kwenye kopo lililofungwa vizuri bila hadena. Pikapu itachubuka, na mchanganyo wa pili wa jicho hautafanana na wa kwanza. Ikipatikana namba ya mchanganyo kutoka duka lenye mashine, huandikwa na kutunzwa pamoja na karatasi za gari.

## Afya ya fundi

Rangi za zamani za manjano, chungwa, nyekundu na hata kijani mara nyingi zilitengenezwa kwa madini ya risasi. Msasa mkavu kwenye rangi hizo hutoa vumbi lenye sumu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Watoto ndio walio hatarini zaidi kwa sababu risasi hudhuru ubongo unaokua, na gereji nyingi ziko jirani na nyumba. Msasa wa maji hupunguza vumbi kwa kiasi kikubwa. Tope lake lisiachwe likauke uwanjani, na lisipulizwe kwa kompresa.

Hadena ya rangi za kisasa ina kemikali za isosayaneti. Zikivutwa zinaweza kusababisha pumu ya kudumu, na mtu aliyekwisha kuathirika hushikwa hata na kiasi kidogo sana. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chochote. Barakoa yenye vichujio vya mkaa ni kiwango cha chini kabisa, na barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira ndiyo inayopendekezwa. Gereji isiyo na vifaa hivyo inafaa ibaki na selulosi, ambayo pia ina mvuke mkali na hushika moto upesi lakini haina isosayaneti.

## Kadi ya gari

Nchini Tanzania rangi ya gari huandikwa kwenye kadi ya usajili. Mmiliki anayebadilisha rangi anatakiwa kuijulisha Mamlaka ya Mapato Tanzania ili taarifa zirekebishwe. Gari la kijani lenye kadi inayosema jeupe huleta maswali kwenye vizuizi vya polisi, na huleta maswali makubwa zaidi siku ya kuliuza, kwa kuwa mnunuzi huanza kushuku wizi au namba ya chesi iliyochezewa.

Hii ni sababu nyingine ya kuiacha rangi iliyo kwenye kadi ibaki kuwa kuu na kuweka ile mpya kwenye paa na rimu. Picha za gari kutoka pande zote, zilizopigwa kabla na baada ya kazi, hutunzwa pamoja na risiti ya fundi na namba ya mchanganyo wa rangi.